Lori la Baba na Ubao wa Jahazi

Nyuma ya nyumba yetu ya shamba, Bumbwini, chini ya mwembe ambao kwa uzee wake hauzai tena ila kwa kusahau, lilisimama kwa miaka thelathini lori moja la Bedford. Ni la aina ile yenye pua, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Hapa kwetu lilifika likiwa chesisi na kichwa tu. Bodi ikatiwa na maseremala wa hapa hapa, kwa mbao, mabenchi ya ubavuni yakitazamana, paa la kubebea magunia, na maturubai ya kuteremshwa mvua inaponyesha. Msomaji wa umri wangu hana haja ya kuelezwa zaidi. Ndilo gari la shamba lililotuleta mjini tukiwa tumekalia mihogo ya watu, miguu yetu imebanwa na vikapu vya samaki, likatushusha Darajani hali tukinuka vyote viwili.

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua mnadani mwaka 1967. Risiti ipo, mama anayo katika mkoba wake pamoja na karatasi ya ndoa. Kwa zaidi ya miaka ishirini lori hilo lilitulisha, likatuvisha, na likawasomesha wale miongoni mwetu waliokubali kusoma. Mimi si mmoja wao: niliacha skuli darasa la nane, na kichache nilichokipata baadaye nimekipata kwa taa ya chemli na makamusi ya kuazima. Mwaka 1989 kichwa cha injini kilipasuka, vipuri havikupatikana, na baba akalisukuma hadi chini ya mwembe, akasema litangoja. Hakujua kwamba General Motors wa Marekani walikuwa wamekwisha kukiuza kiwanda cha malori hayo cha Dunstable mwaka 1987. Walionunua nao wakafilisika mwaka 1992. Yeye aliendelea kungoja mpaka alipofariki mwaka 2011.

Mwaka 2019 kaka yetu mkubwa, aliyekuwa amestaafu, alituita ndugu wote akatoa shauri: lori litengenezwe. Si kwa biashara, maana nani leo atapanda gari la mbao ilhali vibasi vya Kijapani vimejaa barabarani? Litengenezwe, alisema, ili watoto wajue tulikotoka. Tukaafikiana. Kila mmoja atatoa alichonacho kila mwezi, na vijana watafanya kazi siku za Ijumaa baada ya sala, chini ya usimamizi wa fundi mmoja mzee wa mjini ambaye amezoea kuyasikiliza magari kwa kuyategea sikio kama tabibu. Mpwa wangu mmoja, mtoto wa dada, kijana wa zama hizi, aligundua kwamba Bedford zingali zikitembea kwa wingi Pakistani, zimepambwa kwa maua na ndege kama maharusi. Basi pistoni, gaskiti na pampu ya maji zikaagizwa Karachi, zikapitia Dubai, zikafika Malindi baada ya miezi mitano.

Tulipokaa kuhesabu kilichobaki cha asili, hesabu ilitutia haya. Injini ya petroli iliyokuja nalo iliondoka mwaka 1978, ikatiwa ya dizeli iliyotolewa katika gari jengine lililopinduka. Giaboksi ilikuwa ya tatu. Mabenchi yalibadilishwa kila mbao zilipochoka. Madigadi la kushoto lilifuliwa kwa bati la pipa, na ukichungulia kwa ndani bado unasoma nusu ya maandishi ya pipa lenyewe. Vya asili vilikuwa chesisi, kichwa, ekseli ya mbele, usukani, na ubao mmoja wa mvule uliopigiliwa juu ya kioo cha mbele, ambao baba aliupaka rangi nyekundu kama gari zima, akauandika kwa nyeupe neno moja: RIZIKI.

Swali hili ni kongwe. Plutarch, katika maisha ya Theseus, anasimulia kwamba Waathene walilihifadhi jahazi la shujaa huyo, lenye makasia thelathini, wakitoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema ni lile lile, hawa wakisema silo tena. Thomas Hobbes, Mwingereza, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, akalizidisha tatizo: je, ikiwa mtu aliziokota zile mbao zilizotupwa, moja moja, akaziunga upya kwa mpango wake wa kwanza, jahazi la Theseus litakuwa lipi kati ya hayo mawili?

Nilikuwa nikidhani huo ni mchezo wa watu wenye wasaa. Kumbe haikupita muda, mwenye hoteli mmoja wa pwani akaja kutuuliza tunafanyaje na mbao na mabati tuliyoyatoa. Alitaka kuyanunua yote, ayapange ukutani katika ukumbi wake wa kulia, taa mbili mbele, kama kwamba lori linatoka ukutani kuwaendea wageni na sahani zao. Basi Hobbes alikuwa amefika Bumbwini akiwa amevaa kaptura. Kaka alimwambia kwa adabu kwamba vitu vya marehemu haviuzwi, na tukavifungia ghalani.

Lakini nadhani mvuvi yeyote wa kwetu angewashangaa hao wanafalsafa. Kwake yeye jahazi halijulikani kwa mbao zake. Linajulikana kwa jina lake, kwa nahodha wake, na zaidi kwa madeni yake. Ukibadilisha mkuku, ukibadilisha mbavu, ukibadilisha tanga, mwenye duka uliyekopa kwake misumari mwaka juzi atakuja kudai pale pale, wala hutamjibu kwamba jahazi aliloliuzia misumari halipo tena. Nililiandika wazo hilo katika daftari langu nikalifurahia, bila ya kujua kwamba litanigeukia.

Mimi ni mtu wa maneno. Miaka mingi nimekuwa nikifasiri mashairi ya watu wengine, na maradhi ya mfasiri ni kutolipita neno bila ya kuligeuza chini juu. Kiswahili, utaona, hakikuona haja ya kutenga kuunda kitu na kukirudisha kizima kilichoharibika. Vyote tumeviita kutengeneza. Seremala katengeneza kitanda: kakiunda, au kakitia mguu? Hatuulizi. Tunalo pia kukarabati, neno la maofisini, na kufufua, ambalo vijana walilipenda kwa sababu lina kishindo. Nami nilipoombwa kuandika maneno machache ya kubandika mlangoni mwa banda, nilichagua kurejesha. Tunalirejesha lori katika hali yake. Neno lilinipendeza kwa upole wake. Sikulipima.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa hali gani hiyo. Mpwa wangu, ambaye ana picha za kiwandani katika simu yake, alitaka lirudi kama lilivyotoka Uingereza, na madigadi lile la pipa litupwe. Kaka alitaka lirudi kama lilivyokuwa mwaka 1975, jekundu, na RIZIKI mbele, maana hilo ndilo lori alilolijua yeye akiwa taniboi wa baba, ananing'inia mlango wa nyuma na kupiga bati kwa kiganja. Kwa mmoja asili ni kiwandani. Kwa mwengine asili ni utoto wake. Hili si jambo dogo wala si la familia yetu peke yake. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice wakaandika mkataba ambao hadi leo unafuatwa, na miongoni mwa kanuni zake ni kwamba ukarabati hukoma pale dhana inapoanza, na kwamba kila kipande kipya lazima kikubaliane na vya zamani lakini kijulikane kuwa ni kipya, ili historia isisemewe uongo. Katika Mji Mkongwe wetu tumeyaona matokeo ya kupuuza: ukuta wa mawe na chokaa unaopigwa plasta ya saruji huonekana kijana kwa miaka michache, ndani maji yamefungiwa yanaula. Na Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na ikastahimili mizinga ya mwaka 1896, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 wakati mafundi wamo ndani wakiitengeneza. Nilimwambia kaka habari ya mkataba huo. Akauliza wa mwaka gani. Nilipomjibu, alicheka peke yake, akasema mwaka huo sisi huku tulikuwa na mambo mengine.

Januari 2024 tulifika kwenye ubao. Pembe moja ilikuwa imeliwa na mchwa, na fundi akashauri utolewe utiwe mpya. Kaka akakataa kwa ajili ya neno RIZIKI. Akasema ukwanguliwe, utazamwe. Mpwa wangu akaupiga msasa, taratibu, na baada ya nusu saa akaniita: "Mjomba, hapa chini kuna maandishi."

Hayakuwa ya rangi. Yalikuwa yamechongwa, kwa herufi za Kiarabu, mkono mzuri, na mifereji yake imejazwa puti ikasawazishwa. Niliichokoa kwa msumari mpaka nikaweza kusoma: jina la mtu, jina la baba yake, na mwaka 1380, ambao kwa hesabu ya miladi ni 1960 au 1961. Jina silitaji hapa. Wanaolijua Bumbwini wamebaki wachache, na wenyewe wamo katika habari hii, kama msomaji atakavyoona.

Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Nilipomtajia jina hakuinua kichwa.

"Ndiyo lake," akasema. "Duka lake lilikuwa pale penye msikiti mdogo. Nami nimelipanda gari lile nilipokuwa mwari."

"Mbona hukutwambia, mama?" kaka akauliza.

"Hamkuniuliza." Kisha, baada ya kitambo: "Baba yenu hakulipeleka kwa mpaka rangi. Alilipaka mwenyewe, siku tatu. Seremala alimwambia autoe ubao ule amtilie mwengine, hakutaka."

Mtu huyo aliondoka na wanawe mwaka 1964. Ilikuwaje lori lake likafika mnadani, msomaji wa visiwa hivi hanihitaji nimsimulie, na asiye wa visiwa hivi asitegemee kwamba nitaweza kumsimulia kwa ukurasa mmoja. Baba alinunua kwa pesa zake, hadharani, kwa karatasi. Hakumnyang'anya mtu. Hilo nalisema kwanza, na ningependa lisimame lilivyo. Walakini nimemfikiria sana, siku tatu zile na kopo lake la rangi. Mtu anayetaka kufuta jina huung'oa ubao akaukokea moto. Ni kazi ya dakika tano. Mtu asiyejali huliacha jina lilivyo. Yeye hakufanya hili wala lile. Alilijaza puti, akalifunika, akaandika juu yake Riziki, na kwa miaka ishirini na mbili akaendesha gari huku limemkalia juu ya paji la uso.

Katika fiqhi ya Kishafii iliyosomeshwa katika darsa zetu, na imo katika Minhaj cha Imamu Nawawi, mlango wa ghasbu, kuna mas-ala niliyoisikia utotoni nikaiona ya ajabu: mtu kanyang'anya ubao, kisha kaujenga ndani ya jahazi. Hukumu yake ni kwamba ubao utolewe urejeshwe kwa mwenyewe, hata kama kazi nzima itabomoka. Ila jahazi likiwa baharini, na kukichelewa kwamba kuutoa kutaangamiza roho au mali iliyo na hifadhi, hapo husubiriwa. Na wanazuoni hao wakaongeza jambo zito zaidi: mikono inayopokezana kitu baada ya mnyang'anyi nayo ina dhamana, hata ya yule aliyepokea bila ya kujua.

Tazama tofauti ya maswali. Wagiriki waliliangalia jahazi lenye mbao ngeni wakauliza: je, ni lile lile? Wanazuoni wetu waliliangalia jahazi hilo hilo wakauliza: ubao huu wa nani? Swali la kwanza unaweza kufa nalo bila ya mtu yeyote kukosa kitu. La pili lina mtu amesimama ufukweni akingoja. Na lile neno nililolibandika mlangoni kwa kupenda upole wake, kurejesha, nalo lina maana mbili tangu lilipozaliwa: kukirudisha kitu katika hali yake, na kukirudisha kwa mwenyewe. Nilikuwa nimeitumia nusu moja nikaifumbia macho nusu ya pili, kosa ambalo ningemkaripia mfasiri chipukizi.

Kaka hakukubali, na hoja yake si ya kupuuzwa. "Wewe na vitabu vyako," aliniambia, "babu yetu alichuma karafuu za watu miaka arubaini, amekaa katika ardhi ya watu kwa hisani, akitakiwa aondoke huondoka na sufuria zake. Tulipopewa eka tatu ndipo tukalala bila ya kusikiliza mlango. Nani alitafuta wajukuu wa babu awaulize wanadai nini?" Akaendelea: lori lilinunuliwa, aliyeuza alikuwa na mamlaka, lililobaki la mtu yule ni ubao na mifupa ya chuma, jasho lote ni la baba. Na kama ni mas-ala ya jahazi, basi sisi wanane tulikuwa ndani yake. Baba angeung'oa ubao katikati ya bahari, tungekula nini?

Nilikaa na hoja hiyo siku nyingi, na sehemu yake kubwa nimeikubali. Dhuluma ya babu ilikuwa dhuluma. Siwezi kuifanya ndogo ili ya mwengine ionekane. Aidha sioni kwamba hizi mbili ukiziweka katika mizani zinafutana, kama madeni ya wenye maduka wawili. Mwenye duka lile hakuwa na shamba la karafuu, na hata angekuwa nalo, mwanawe wa miaka ishirini alidaiwa nini? Lakini ni ile hoja ya bahari iliyonikamata, kwa sababu ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli ina mpaka. Sheria ilisema husubiriwa, haikusema husamehewa. Baba alipokuwa na watoto wanane ndani, alikuwa katikati ya maji. Lori lile limetia nanga mwaka 1989. Sisi sote tunakula vyakula vyetu, na lenyewe tunalitengeneza kwa anasa, ili watoto wajue tulikotoka.

Nilimwambia kaka hivyo. Alinyamaza, kisha akasema: "Haya, mtafute. Lakini rangi itakuwa nyekundu."

Haikuwa kazi kubwa. Watu wetu wa Maskati wanajuana nyumba kwa nyumba, na katika wiki mbili nikapewa nambari ya mwanawe, mzee aliyepita miaka themanini. Mjukuu wake ndiye aliyeshika simu, akaielekeza ili tuonane nyuso. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, magharibi ya kwao. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kwa lafudhi ya Bumbwini ambayo hata Bumbwini siisikii tena. Akaniuliza mimi mtoto wa nani, nikamwambia, akamkumbuka babu yangu kwa kazi yake. Kisha nikauelekeza ubao.

Alitazama kwa muda mrefu. Mjukuu alidhani simu imekatika. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia:

"Halikuwa jekundu."

"Lilikuwa rangi gani, babu?"

"Kijani. Kijani cha embe bichi. Na ubao ule fundi wake alikuwa wa Mkunazini. Baba alimlipa nusu, nusu ya pili hatukuwahi." Akanyamaza tena. "Nani kakuambieni mnitafute?"

"Hakuna aliyetwambia."

"Mnataka nini kwangu?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nami ni mtu ninayejidai kuyajua maneno. Nikamwambia kwamba tumeliona jina. Kwamba baba yetu ameshafariki. Kwamba tunauliza yeye anataka nini, ubao, au gari, au thamani yake, au kutusamehe, au kutotusamehe. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu, na kaka alikuwa amesimama mbali kidogo, karibu na madigadi la pipa, akijifanya anakaza nati.

"Ngojeni nifikiri," alisema mzee. "Miaka sitini hakuna aliyeniuliza. Siwezi kukujibu kabla ya kula."

Hajapiga simu. Mwaka umegeuka, mjukuu wake ananijibu salamu zangu, anasema babu hajambo, anakuuliza mvua imenyesha? Sikumharakisha wala sitamharakisha. Injini inawaka sasa, kwa sauti nzuri, na fundi mzee ameomba alipwe kilichobaki. Rangi haijapakwa. Mpwa wangu anasema sasa tunayo ithibati, kijani, hakuna tena dhana. Kaka hajibu, lakini lile kopo la nyekundu alilonunua bado halijafunguliwa. Masika yanakaribia, na bati tupu halipendi masika. Bati tumelipaka oili chafu. Ubao, kwa ushauri wa mama, tumeupaka mafuta ya sifa kama wapakavyo majahazi, usije ukapasuka kabla ya kujulikana unakwenda wapi, na gari zima linanuka papa.